Tamasha, mswada na mahafali ya mtoto vimeangukia wiki moja: wenzangu mnapangaje?

Mama Mwandishi (Tanga)

Wapendwa waandishi na wachoraji wa katuni, salamu kwenu nyote. Nina jambo linaloninyima raha, na ninaomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii kwa undani, kwa sababu ndugu na majirani nikiwaeleza hunijibu kwamba kuandika vibonzo si kazi ya kumkosesha mtu usingizi.

Ninaandika hadithi ya mfululizo inayotoka kila baada ya miezi miwili, kurasa 24 kwa kila toleo. Mimi sichori. Kazi yangu ni kuandaa mswada ambao ndani yake ninaeleza, ukurasa kwa ukurasa na fremu kwa fremu, nani yuko wapi, anafanya nini, ni usiku au mchana, na kila mhusika anasema nini katika kiputo chake. Mchoraji wangu yuko Arusha, na tangu toleo la kwanza tumeonana ana kwa ana mara mbili tu. Mswada wa toleo la saba ninatakiwa kuukabidhi Jumatatu tarehe 31 Agosti, na mpaka leo nina kurasa sita ambazo nimeridhika nazo.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye tamasha la katuni jijini Nairobi, kuanzia Ijumaa tarehe 28 hadi Jumapili tarehe 30. Nimepangiwa kuzungumza Jumamosi mchana kuhusu uandishi wa hadithi za watoto, na nimepewa meza ya kuuzia matoleo yangu. Waandaaji watanipa malazi, nauli ni juu yangu. Nilikubali siku ileile, kwa furaha, bila kumuuliza mtu yeyote nyumbani. Juzi binti yangu wa kwanza, ambaye anamaliza darasa la saba na atafanya mtihani wa taifa mwezi Septemba, alirudi na barua ya shule: mahafali yao ni Jumamosi tarehe 29, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuongoza ngonjera.

Wanaoijua njia wataelewa kwamba hakuna namna ya kuwa katika sehemu zote mbili. Kutoka Tanga nipite Horohoro na Lunga Lunga, nivuke Likoni, nifike Miritini kupanda treni ya kwenda Nairobi. Hata nikibahatika kuunganisha vizuri, siku nzima imekwisha, na kurudi ni siku nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo limenifanya niandike hapa badala ya kuamua peke yangu. Ninaandika kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili, kabla ya kuwaandaa watoto, na tena usiku baada ya saa nne. Mume wangu anafanya kazi bandarini kwa zamu, na wiki ambazo yuko zamu ya usiku nyumba yote ni yangu. Binti yangu amekuwa akija na daftari lake ili anisomee beti za ngonjera, nami humwambia asubiri nimalize fremu moja. Wiki iliyopita nilipomkatiza kwa mara ya tatu, alifunga daftari, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Itaendelea," akaenda kulala. Hilo ni neno ninaloliandika mwishoni mwa kila toleo. Sikuweza kuandika tena usiku ule.

Ninyi mliozoea matamasha, kazi na malezi kwa pamoja, mngeacha lipi? Je, kuna namna ya kupanga kazi hii ili vitu vitatu visigongane namna hii kila baada ya miezi miwili?

Mzee wa Magazeti (Dar es Salaam)

Mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Nilichora na kuandika kibonzo cha kila siku gazetini kwa miaka 19, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili, ambalo ndilo lililonisumbua zaidi maishani.

Gazeti halimsubiri mtu. Mimi niliponea kwa akiba. Ndani ya mtoto wa meza nilikuwa na bahasha yenye vibonzo saba vilivyokamilika, visivyotaja tukio lolote la wiki, ambavyo mhariri angeweza kuvichapa siku yoyote. Mtoto akiugua, nachukua kimoja. Msiba ukitokea kijijini, nachukua vitatu. Nikirudi, kazi yangu ya kwanza, kabla hata ya kibonzo cha kesho, ni kurudishia vilivyopungua. Akiba haiozi, na katika kazi yetu hiyo ndiyo likizo pekee tuliyokuwa nayo. Charles Schulz wa Marekani alichora kibonzo chake cha Peanuts kwa karibu miaka 50, tangu Oktoba 1950 hadi Februari 2000, na mapumziko marefu yanayojulikana aliyochukua ni wiki tano za mwaka 1997, alipotimiza miaka 75. Wengi husimulia habari hiyo kwa kumsifu. Mimi hunihuzunisha.

Wewe huandiki kibonzo cha fremu nne bali kurasa 24, kwa hiyo akiba yako haiwezi kuwa toleo zima. Lakini unaweza kuwa na hadithi fupi mbili za kurasa nne nne, zinazojitegemea, zinazowahusu wahusika wako wadogo, ambazo mchoraji amekwisha kuzichora. Mwezi ukikubana, toleo linakuwa na kurasa 20 za mfululizo na nne za hadithi fupi. Msomaji hatalalamika, huenda akazipenda kuliko mfululizo wenyewe. Sisi tuliokua na gazeti la Sani tuliwafuata Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwa namna hiyo, kisa kifupi kimoja baada ya kingine, na tulipokosa kimoja hatukupotea njia.

Ninakumbusha jambo jingine kwa kuwa wewe ni kijana. Philip Ndunguru, aliyewachora wahusika hao wawili, alifariki mwaka 1986 akiwa kijana bado, na wahusika wakaendelea katika mikono ya wengine. Kibonzo kizuri kinaweza kupokewa na mtu mwingine. Mahafali ya mtoto wako hayana wa kuyapokea kwa niaba yako.

Fremu Sita (Toronto)

Dada, ninaheshimu aliyoyasema Mzee, lakini naomba niseme upande mwingine kabla watu wote hapa hawajakushauri ubaki nyumbani.

Mimi ni mwandishi, nimezaliwa Mombasa, na hapa Toronto hushiriki tamasha la katuni ambalo kwa miaka mingi lilifanyika katika maktaba kuu ya rejea bila kiingilio, na ambalo lilianza mwaka 2003. Mara ya kwanza nilipeleka vitabu 100 nikauza 31. Nilirudi nyumbani na mabegi mazito nikiona nimepoteza siku tatu za familia yangu. Miezi minne baadaye, mama mmoja mkutubi aliyesimama mezani kwangu kwa dakika kumi aliniandikia akiomba vitabu kwa ajili ya watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Tangu hapo siyapimi matamasha kwa mauzo ya siku ile. Unaweza kuandika miaka kumi mbele ya ukuta wa chumba chako bila kujua ni ukurasa upi unaomfanya mtoto acheke. Kwenye meza utamwona akicheka mbele yako.

Zaidi ya hayo, wanawake waandishi wanaokaa kwenye majukwaa hayo bado ni wachache, na mwandishi asipoonekana mara mbili tatu, waandaaji huzoea kuwaita wengine. Hilo si haki, ila ndivyo mambo yalivyo. Je, umewauliza kama mazungumzo yako yanaweza kuhamishiwa Ijumaa, kisha urudi kwa ndege usiku uleule hadi Dar es Salaam au Mombasa? Najua ni gharama. Ninachokuomba ni uulize kwanza kabla ya kukataa. Na mwakani, nenda na binti yako. Wangu alianza kukaa nami mezani akiwa na miaka tisa, yeye akipokea fedha na kurudisha chenji, mimi nikizungumza na watu, na ratiba yetu ni kwamba saa nane mchana meza inafungwa kwa saa nzima ili tuzunguke wote kama wageni wa kawaida.

Mchora Usiku (Morogoro)

Dada Mama Mwandishi, mimi ni mchoraji, na ninaomba uniwie radhi ikiwa maneno yangu yatakuwa marefu, kwa maana wachoraji hatusikiki sana katika mazungumzo haya.

Umeandika kwamba mswada unakabidhiwa tarehe 31. Umehesabu kinachofuata? Mchoraji anayejiheshimu, anayepiga penseli na kutia wino mwenyewe, humaliza ukurasa mmoja kwa siku. Kurasa 24 kwa siku sita za wiki ni wiki nne kamili. Baada ya hapo kuna rangi, kisha kupanga maneno ndani ya viputo, kisha mhariri kusoma, kisha kiwanda cha uchapaji. Mwandishi ndiye wa kwanza katika mnyororo huu, na ndiyo maana kuchelewa kwake hakumwumizi yeye. Siku ya kwenda kiwandani haisogei, kinachosinyaa ni siku za mchoraji. Niliwahi kufanya kazi na mwandishi mmoja ambaye alichelewesha mswada kwa siku 12. Alikuwa na sababu za kweli, alikuwa kwenye tamasha na kisha mtoto wake akalazwa, na nilimwonea huruma kwa dhati. Lakini mchapishaji hakuongeza hata siku moja, kwa hiyo nikachora kurasa mbili, wakati mwingine tatu, kwa siku. Mke wangu alijifungua katika wiki hiyo. Nilikwenda hospitali nikiwa na ubao wa kuchorea begani, nikatia wino ukurasa wa 17 kwenye benchi la nje ya wodi, na kila ninapolifungua toleo lile mikono ya wahusika katika ukurasa ule naiona imechorwa na mtu asiyekuwapo. Kwa hiyo familia unayoizungumzia si moja. Kila mswada unabeba familia mbili, na ya pili huwa iko mji mwingine.

Hili si la kukulaumu, maana wewe hujachelewa bado. Nakupa mambo mawili ambayo yamenisaidia na waandishi ninaofanya nao kazi sasa.

La kwanza, usisubiri umalize zote. Mpe kurasa nane kwanza. Kurasa nane zinamtosha mchoraji kwa siku nane, na ndani ya siku hizo unaandika nane nyingine. Hii inakudai uwe umeujua mwisho wa hadithi kabla ya kuanza, kwa sababu huwezi tena kurudi kubadilisha kisu kuwa panga katika ukurasa wa tatu, kimekwisha kuchorwa. Waandishi wengi hulalamikia hilo mwanzoni. Baadaye hukiri kwamba hadithi zao zimekaza.

La pili, si kila ukurasa unahitaji mswada wenye kila kitu. Nimesoma matoleo yako yote sita. Katika toleo la tano, pale watoto wanapowafukuza wezi wa mihogo sokoni, kurasa nne nzima, ninahisi ulimwelekeza mchoraji fremu kwa fremu, na ninahisi hivyo kwa sababu fremu zote zina ukubwa unaofanana na mbio zimekuwa nzito. Mahali kama pale ungeandika aya moja tu: wanaanzia wapi, nani anaanguka, mihogo inamwagika wapi, wanaishia wapi. Mwachie mchoraji agawe fremu, kisha wewe uweke maneno juu ya picha zilizokamilika. Kampuni ya Marvel ya Marekani, chini ya Stan Lee, ilifanya kazi kwa mtindo huo katika miaka ya 1960 kwa kuwa mwandishi mmoja alikuwa na majarida mengi mno ya kuandika. Kwa ukurasa wa mazungumzo mtindo huo haufai hata kidogo. Kiputo kimoja hakipendi kuzidi maneno 25, na Kiswahili chetu kina maneno marefu, "hawakutuambia" peke yake inakula mstari mzima; hapo mwandishi lazima apime kila silabi kabla picha haijachorwa. Lakini kwa mbio, ngumi na mvua, utaokoa siku tatu na kazi itapendeza zaidi.

Mwisho, naomba nikuulize swali. Mchoraji wako wa Arusha amealikwa?

Mama Mwandishi (Tanga)

Hapana, hakualikwa. Mwaliko ulikuwa na jina langu peke yake, na ninakiri kwa masikitiko kwamba sikuuliza.

Mchora Usiku (Morogoro)

Basi fikiria hilo. Mwandishi akikaa mezani ana saini yake. Mchoraji akikaa mezani ana kalamu, na watoto hupanga foleni kuchorewa mhusika wanayempenda huku wakijitazama wenyewe wakiwekwa pembeni ya mhusika huyo. Mzazi aliyesimama kwenye foleni kwa nusu saa haondoki bila kitabu. Na kutoka Arusha hadi Nairobi kwa kupitia Namanga ni safari ya mchana mmoja.

Mume wa Mwandishi (Dodoma)

Shemeji, mimi si mwandishi wala mchoraji. Nimeoa mwandishi, na nimekuwa nikisoma mijadala hii kimya kwa muda mrefu. Leo nimeona niseme neno moja kutoka upande wa wanaosubiri nje ya mlango.

Mtu wa nyumbani haumizwi sana na kazi kuwa nyingi. Anaumizwa na kuwa wa mwisho kujua. Mke wangu alikuwa akikubali mialiko na tarehe za kukabidhi kazi kwa simu, jikoni, huku akikoroga uji, nasi tunakuja kujua siku mbili kabla. Watoto wakaanza kuamini kwamba mchapishaji ndiye mkubwa wa nyumba. Sasa tuna kalenda ya ukutani, kwenye mlango wa stoo, na tumekubaliana kwamba hakuna tarehe inayokubaliwa kwa mtu wa nje kabla haijaandikwa pale. Shughuli za watoto huandikwa mwezi Januari shule zinapofunguliwa. Zisizojulikana bado tunaacha nafasi. Alipoanza kuwajibu wachapishaji, "Nipe hadi kesho nitazame kalenda," alihofia wangemwona hana nia. Hakuna hata mmoja aliyemnyima kazi kwa sababu hiyo.

Na akiwa anaandika, anaandika. Saa kumi na moja jioni hadi saa mbili mimi ndiye mzazi, chakula ni changu, maswali ya hesabu ni yangu. Kwa mume wa zamu ninajua si rahisi, ila zamu nazo zina ratiba inayotolewa mapema, iandikeni kwenye kalenda hiyohiyo.

Sikushauri kuhusu Nairobi. Ninashauri tu kwamba leo usiku, kabla hujamjibu mtu yeyote hapa, ulijadili na mumeo na binti yako, tena binti awepo tangu mwanzo wa mazungumzo.

Mama Mwandishi (Tanga)

Wapendwa, ninarudi baada ya siku tisa, na ninawashukuru kwa moyo wote.

Tulikaa watatu, usiku wa siku ileile niliposoma maneno ya shemeji wa Dodoma. Mume wangu alisema niende, yeye atabadilishana zamu ahudhurie mahafali. Binti yangu hakusema niende wala nibaki. Aliuliza tu kama video ya simu ingetosha kuonyesha jukwaa lote. Nilimwelewa.

Niliwauliza waandaaji kuhusu Ijumaa, kama dada wa Toronto alivyonishauri, na ratiba ya Ijumaa ilikuwa imejaa. Nikawaandikia tena nikiwaeleza kwamba mwenzangu wa Arusha anaweza kuja badala yangu, azungumzie jinsi mswada unavyogeuka kuwa picha, na achore mezani. Walikubali siku ya pili yake, na malazi yaliyokuwa yangu wamempa yeye. Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya nidhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza kama angeweza kumbeba mdogo wake, anayejifunza kuchora, amsaidie kuuza. Nimemtumia matoleo 80 kwa basi. Sitaficha kwamba imeniuma kutokwenda. Nilitaka sana kuwaona wasomaji wale, na maneno ya dada kuhusu kutosahauliwa bado yananisumbua. Nimewaomba waandaaji wanikumbuke mwakani, na tarehe nitakayopewa itaandikwa ukutani kwanza.

Kurasa nane za kwanza zilimfikia mchoraji Jumanne. Kurasa za mafuriko, za 13 hadi 16, nimemwandikia aya mbili tu, na jana alinitumia michoro ya awali ambamo mto umekata ukurasa mzima kutoka pembe hadi pembe, jambo ambalo nisingelifikiria kamwe. Mzee wangu wa Dar es Salaam, hadithi fupi ya kwanza ya akiba nimeianza pia. Inamhusu bibi muuza kashata ambaye katika matoleo yote sita amesema maneno manne.

Jana jioni nilifunga kompyuta saa moja, nikamwita binti yangu alete daftari. Alisimama katikati ya sebule akasoma beti zote 12, mkono mmoja mgongoni kama walivyofundishwa. Kwenye ubeti wa tano kuna mstari wenye mizani saba mahali ambapo mingine yote ina nane. Nilimwonyesha. Alihesabu kwa vidole, akarudia mara mbili, kisha akaniambia kwamba mwalimu ameuona, na kwamba hapo ndipo watoto wote wanapiga kofi moja.